Sakafu ya Vespa ya Baba

Nianze kwa kukiri, maana wanaonijua watasema tu hata nikinyamaza: mimi mpaka leo nikipita Jadida hushusha ushungi hadi kwenye nyusi na kuharakisha mwendo, na si kwa ajili ya haya za kike, la, ni kwa sababu kuna uwanja mmoja pale ambapo waalikwa wa ndoa nzima walinikuta nimekaa kitako katikati ya karafuu za watu, buibui limejaa vumbi, kiatu kimoja hakijulikani kilipo, na mbele yangu vespa ya baba yangu imelala ubavu, huku sakafu yake niliyoichomelea mimi kwa mikono yangu hii imebaki kule nyuma barabarani peke yake, kama sinia lililosahauliwa baada ya karamu.

Jina langu Mkasi, na baba yangu, Mzee Faki, ni fundi cherehani (utani wa mkasi na fundi cherehani nimeshausikia wote, kwa hivyo msijisumbue). Kwetu hakuna mtoto wa kiume. Dada zangu wameolewa, wametawanyika, na baba alikuwa na tamaa kwamba miye niliyebaki nyumbani ndiye nitakayeirithi ile cherehani yake nyeusi ya miguu, aliyoshonea kanzu za mabwana harusi wa Wete tangu sijazaliwa. Kushona najua, sisemi sijui, lakini nikikaa na kitambaa nusu saa tu nasinzia. Siku moja nikapita karakana ya Fundi Hamad nikamwona anaunganisha chuma, cheche zinaruka, nikasimama nje mpaka akaniuliza, "Weye mwana, una mtu humu?" Nikamwambia sina mtu, nataka kujifunza. Akacheka, kisha akaacha kucheka alipoona siondoki.

Nilianza na kuchomelea kwa vijiti, milango na nondo za madirisha, kazi ambayo chuma chake ni kinene na kinakusamehe. Halafu fundi akaleta mashine ya tigi kutoka Unguja, kwa sababu huku kwetu chumvi ya bahari inakula mabodi ya magari kama mchwa, na kila siku mtu analeta mlango au bampa lenye tundu, na bati lile jembamba huwezi kulichomelea kwa vijiti likabaki zima. Hapo ndipo nilipojiona sijui kitu. Tigi, kwa asiyeijua, mkono wa kulia unashika kishikio chenye sindano ya chuma kigumu isiyoyeyuka, moto unatoka nchani mwake. Mkono wa kushoto unalisha waya wa kujazia, kidogo kidogo. Mguu umekanyaga pedeli ya kuongeza na kupunguza moto (hapo tu ndipo niliposhukuru kuzaliwa na fundi cherehani). Na muda wote huo kuna gesi inayotoka taratibu kuizunguka ile sindano, huioni wala huinusi, kazi yake kuzuia hewa isikiguse chuma kikiwa bado majimaji. Na bati jembamba halina subira. Ukichelewa linatoboka, ukiharakisha halishiki, ukilipa moto mwingi mahali pamoja linavimba na kujikunja kama papa mkavu. Mwanzo nilitoboa mabati mengi hata Fundi Hamad akaniuliza kama nimepata tenda ya machujio ya tui.

Lakini nikaweza. Polepole, nikaweza. Siku niliyopata mshono wangu wa kwanza wa maana, mafundo madogo madogo yamelaliana sawasawa kama magamba ya samaki, nilikibeba kile kipande cha bati nyumbani kwenye mkoba na kumpa baba. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba juu yake kama anavyofanya kwenye ukosi wa kanzu, akasema, "Mshono mzuri," akaendelea na kazi yake. Maneno mawili. Na baba yangu si mtu wa kusifu, mama alimpikia miaka thelathini ndo akamwambia mchuzi wake hauna kasoro, kwa hivyo mimi nililala usiku ule nikijiona nimevishwa taji.

Sasa, vespa. Vespa ya baba ni ya zamani, rangi ya maziwa, na wasioijua waambiwe kwamba vespa haina mifupa kama baiskeli, mwili wake mzima ni bati. Sakafu pale unapoweka miguu ilikuwa imeoza upande wa kulia, tundu limeingia mpaka karibu na pedeli ya breki, na baba alikuwa amelifunika kwa kipande cha ubao. Breki ya mkono ilikufa zamani na hakuona haja ya kuifufua, alisema ile ya mguu inamtosha. Basi jioni moja, bila mimi kumwambia neno, akauliza huku anatia uzi kwenye sindano, "Mkasi, hino huwezi kuitia kiraka?"

Nikamwambia, "Naweza, baba." Ningesema nini?

Fundi Hamad nilimwomba ruhusa, akanipa. Siku ile alikuwa na safari yake ya Chake, akanisaidia kulitoa tangi la petroli na kulipeleka mbali (hilo angalau lilifanyika sawa), akanitazama nikikata bati jipya kwa kipimo, nikisugua kutu mpaka chuma kikang'aa, nikipiga bandi. Bandi ni neno la cherehani, mimi ndiye niliyelitia karakana ile: kabla ya mshono wenyewe unashikiza kiraka kwa vidoti vya moto hapa na pale kisicheze, sawa na fundi cherehani anavyoshikiza kitambaa kwa uzi mrefu. Fundi akaridhika. Akavaa kofia yake, akafunga madirisha yote mawili, akaniambia, "Upepo, Mkasi. Hapa pasiingie upepo." Akaondoka.

Jamani, nyinyi hamjakaa ndani ya karakana ya mabati, madirisha yamefungwa, saa saba mchana, umevaa koti la ngozi, glovu, buibui limekunjwa kiunoni na suruali chini yake, na usoni umevaa barakoa ya kuchomelea ambayo pumzi yako mwenyewe inakurudia kama mvuke wa biriani. Jasho likawa linaniingia machoni, naona vidimbwi viwili vya chuma kilichoyeyuka badala ya kimoja. Na kule pembeni kuna feni, ile kubwa ya kusimama. Nikaitazama. Nikajiambia, Mkasi, fundi kasema upepo usiingie, na huu hauingii kutoka popote, ni upepo wa humu humu ndani. (Nacheka sasa, lakini wallahi siku ile hoja ile niliiona ina nguvu.) Nikaigeuza inipige mgongoni, nikaiwasha kidogo tu.

Mkasa wote ni huo. Yanayofuata ni matunda yake.

Maana gesi ile haina uzito wa kupigana na feni. Nilipoanza kuchoma upande wa pedeli moto ukaanza kutema mate, unachacharika, mshono ukatoka mweusi wenye masizi, una vitundu. Nikadhani ni kutu iliyojificha chini. Nikaongeza waya, nikapita tena juu yake, vitundu vikafunikwa na vingine vikazaliwa. Mtu mwenye akili angesimama. Mimi nikachukua grenda nikasaga mshono wote ukawa sawa na bati, nikapaka puti, ule ujiuji wa kuzibia mashimo ya bati, nikasugua kwa msasa, nikapuliza rangi ya maziwa, na wallahi ukiitazama sakafu ile ungedhani imetoka kiwandani. Nilipomaliza niliipenda kiasi kwamba vile vitundu nilikuwa nimeshavisahau.

Baba alipokuja kuichukua aliizunguka mara mbili, akachutama, akapitisha kidole gumba. Akapitisha tena. Akaniangalia.

"Mshono haupatikani," akasema.

Akatabasamu. Na mimi nikatabasamu, maana sikuwa na habari kwamba mshono haupatikani kwa sababu kwa kweli haukuwapo.

Siku zilizofuata alizunguka nayo hapa na pale, barabara tambarare, mwendo wake ule wa kuhesabu minazi, breki anaigusa kwa ncha ya kidole cha mguu. Halafu ikafika Ijumaa ya ndoa ya Jadida. Bwana harusi, kijana mmoja mwalimu wa skuli, kanzu yake kaishona baba, ya darizi shingoni mpaka kifuani, kazi ya mkono, na baba alitaka kuipeleka mwenyewe baada ya sala ya alasiri ili bwana harusi aivae ikiwa imetoka pasini moja kwa moja. Mimi nilialikwa upande wa wanawake. Baba akaitia kanzu kwenye mfuko, mfuko akautundika kwenye kile kindoano cha chini ya kiti, mbele ya magoti yake, akavaa kanzu yake mwenyewe ya sikukuu, mimi nikapanda nyuma upande upande, tukaondoka.

Na baba yangu, mtu wa maneno mawili, siku ile aliamua kusema.

Tulisimama dukani kwa Mzee Shaame, jirani yetu, ambaye naye alikuwa anajitayarisha kwenda ndoa ile ile kwa baiskeli.

"Asalaam alaikum, Mzee Shaame."

"Waalaykumu salaam, Mzee Faki. Umependeza leo, weye ndo bwana harusi?"

"Aa wapi. Hebu inama kidogo. Inama, utazame hapa chini. Hino sakafu kaitia huyu."

Mzee Shaame akainama, akapapasa, akaniangalia. "Huyu Mkasi? Kaitia kwa moto?"

"Kwa moto. Tafuta mshono, kama utauona nambie."

Akautafuta. "Mashaallah," akasema, "siuoni."

(Alichokuwa anakipapasa ni puti, Mwenyezi Mungu anisamehe.)

Tukasimama tena kwa wazee waliokuwa wakinywa kahawa, nao wakainamishwa, nao wakasema mashaallah. Mimi nyuma pale nimeinamisha uso kwa unyenyekevu wa uongo, ndani nimejaa hewa kama pulizo. Nikawa nawaza watu watakaoniletea kazi. Nikawa nawaza ubao wa rangi mbele ya karakana yangu mwenyewe.

Kabla hujaingia pale penye ndoa kuna mteremko, si mkubwa, ukiwa unatembea hata huutambui. Chini yake waalikwa wanaume walikuwa wanavuka barabara kuelekea msikitini, kanzu tupu, weupe mtupu. Baba akaona, akakanyaga breki, safari hii kwa mguu mzima.

Nikasikia sauti chini yetu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama kitambaa kinachochanwa na fundi mwenye haraka.

Baba akasema, kwa sauti yake ile ile ya siku zote, "Mkasi, breki imeshuka."

"Imeshuka wapi, baba?"

"Chini."

Nikainama kuangalia ubavuni mwake na nikaiona barabara. Yaani lami, inapita, pale ambapo palitakiwa pawe na sakafu. Kiraka kilikuwa kimeachia pande tatu na kuning'inia kwa upande mmoja, na pedeli ya breki juu yake, kinakwaruza lami na kutoa cheche (nzuri, za sawasawa kuliko zangu), na mguu wa kulia wa baba umebaki hewani, hauna pa kukaa.

"Jishike," akasema.

Akarudisha gia, injini ikapiga kelele kama mbuzi wa kafara, mwendo ukapungua lakini haukutosha, akapiga honi, waalikwa wakageuka wote kwa pamoja na kutugawanyikia pande mbili, na pale kati palipokuwa wazi palikuwa na ukuta wa msikiti. Baba akachagua. Kushoto kulikuwa na uwanja wa nyumba ya mtu, tambarare, na uwanjani yametandikwa majamvi ya karafuu zinaanikwa. Akakata kona. Kiraka kikakatika pale pale penye ukingo wa barabara na kubaki huko, tukapanda jamvi la kwanza, jamvi likajisokota kwenye gurudumu la mbele, tukaburuta la pili, na vespa ikalala ubavu taratibu kama ng'ombe anayetafuta pa kupumzikia, ikatuweka chini mimi na baba, kila mmoja ubavuni mwa mwenziwe. Karafuu ziliruka juu na kutunyeshea.

Tulikuwa wazima. Baba kachubuka kisigino, mimi nimepoteza kiatu. Watu wakatujia mbio, "Lahaula! Lahaula! Mzee Faki! Mmeumia?" na baba anajibu alhamdulillahi, alhamdulillahi, huku anaitafuta kofia yake. Mwenye nyumba, Bi Raya, mwanamke wa makamo mwenye kanga mbili na fagio mkononi, alitoka mlangoni akatutazama sisi, akatazama karafuu zake, akatutazama tena.

"Mmeumia?"

"Hatukuumia, Bi."

"Mungu ashukuriwe. Basi ondokeni juu ya karafuu zangu."

Wakati huo kijana mmoja alikuwa amekiokota kile kiraka barabarani, anakigeuza geuza. "Nani huyu kafanya kazi hii?" akasema kwa hasira. "Tazameni, chuma hakikushika hata kidogo, ni rangi tupu! Mzee Faki, tutajie fundi huyu, tumfuate leo leo, huyu ataua watu!"

Uwanja mzima ukamgeukia baba. Baba akaikung'uta kofia yake, akaivaa, akaisawazisha. "Kutu," akasema. "Bati la zamani, lina kutu."

Nikavuta pumzi. Kweli, pale nilipokaa, karafuu zimeniingia mpaka shingoni, nikampenda baba yangu kuliko siku zote za maisha yangu. Na ndipo Mzee Shaame alipofika na baiskeli yake, akafunga breki (zilizofanya kazi vizuri kabisa), akaangalia vespa, akaangalia tundu, na kwa huruma zote za ujirani mwema akasema kwa sauti, "Ya Rabbi! Mzee Faki! Ndo ile sakafu aliyoitia Mkasi?"

Kisha nyuma kabisa mtu mmoja akajizuia kucheka, akashindwa, na kicheko kikatembea kutoka kwake mpaka mbele kama moto kwenye makumbi, wakacheka hata wanawake waliokuwa madirishani, akacheka hata yule kijana mwenye kiraka, ambaye alikitazama mara moja tena na kuja kunikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha amana. Nilitamani karafuu zile zingekuwa na kina.

Ningesema aibu iliishia hapo. Haikuishia. Maana mlangoni pa nyumba ya tatu akatokea bwana harusi, kavaa fulana na saruni, kichwa kimepakwa mafuta ya udi, akauliza, "Mzee Faki, kanzu yangu iko wapi?"

Kanzu. Mfuko wake ulikuwa umening'inia pale pale juu ya tundu, kitako chake kimelala sakafuni, na sakafu ilipoondoka nao ulishuka, ukaburutwa chini mteremko mzima mpaka ukatoboka. Baba akaufungua. Upindo wa kanzu ulikuwa umechanika, na mstari mmoja mweusi wa grisi umepanda kutoka chini mpaka kifuani na kuikata ile darizi katikati. Vespa yake baba hakuwa ameitazama hata mara mbili. Kanzu ile aliitazama muda mrefu, ameikunjua juu ya mikono yake, na hakuna aliyecheka tena.

Kisha akainua uso na kumpima bwana harusi kwa macho, juu mpaka chini, kama anavyowapima wateja. Wote wawili warefu, wembamba.

"Mwanangu," akasema, "Shehe hawezi kungoja. Vaa hino. Nayo nimeishona miye." Akaenda nyuma ya banda la kuku, akatoka amevaa fulana na saruni yake ya ndani, na kanzu yake ya sikukuu mkononi.

Ndivyo kijana yule alivyooa ndani ya kanzu ya baba yangu, na baba yangu, kwa sababu hakuona adabu kuingia msikitini na fulana yenye tundu kwapani, hakuishuhudia ndoa. Alikuja akakaa chini karibu yangu, maana mimi nilikuwa nimeshaanza kuzichagua karafuu za Bi Raya, kutoa changarawe na mavumbi, na zile zilizosagwa na gurudumu kuzitenga. Bi Raya hakutuomba. Alituletea ungo mmoja tu akauweka mbele yetu, na ungo ule ukawa umeshasema.

Basi tukachagua karafuu, mimi na baba, kila mtu na upande wake, huku kipaza sauti cha msikiti kinatuletea khutba ya ndoa, na wapita njia wanatusalimia kwa upole uliozidi kipimo. Nilikuwa nangoja anigombeze. Ningepumua.

"Mkasi."

"Labeka, baba."

"Mshono uliachia wapi?"

"Upande wa pedeli."

"Bandi ulipiga?"

"Nilipiga, baba."

"Basi nini? Uzi mbovu au mkono mbovu?"

Nikafikiri, maana lilikuwa swali la fundi kwa fundi na lilistahili jibu la kweli. "Uzi ulikuwa mzuri. Na mkono si mbaya. Niliwasha feni."

Hakuelewa, nikamweleza: gesi, upepo, vitundu. Nikamweleza na habari ya grenda na puti, kwamba alipopitisha kidole asiuone mshono ni kwa sababu nilikuwa nimeusaga. Alisikiliza yote bila kusimamisha mkono. Kule msikitini bwana harusi akasema amekubali, na watu wakaitikia.

"Joto lilikuwa kali?" baba akauliza.

"Kali sana, baba."

"Ungetoka nje ukapunga upepo, kisha ukarudi ndani."

Basi. Na mimi machozi ambayo yalinigomea mbele ya watu wote wale yakanitoka pale, kwa sababu ya urahisi wake tu. Ningetoka nje nikapunga upepo. Bi Raya akapita na sinia la halua ya ndoa, akatukatia vipande viwili, akainama kuutazama ungo. "Mnachagua vizuri," akasema. "Zile za kona ile bado."

Tukairudisha vespa nyumbani kwa kuisukuma, kupitia kwa wale wale wazee wa kahawa, ambao habari zilishawafikia (sijui kwa njia gani, maana sisi ndio tuliotoka huko kwanza), nao wakajifanya wanatazama mawingu.

Fundi Hamad alipokiona kiraka alikiinua juani, na jua likapita kwenye kingo zake kwa vijitundu visivyo na idadi. "Umepika chila," akasema. Wasioijua chila, ni mkate wetu wa unga wa mchele, uzuri wake ni vile vitundu. Jina likatoka karakana, likafika sokoni, na mpaka leo wapo wanaoniita Fundi Chila, na nimeshazoea kuitika.

Sakafu niliitia upya. Baba alikuja kukaa ndani, madirisha yamefungwa, kwenye kiti cha plastiki, kavaa barakoa ya akiba ya fundi, na kila nilipozidiwa na joto nilizima mashine, tukatoka wote wawili nje, tukasimama kivulini, tukarudi. Ilichukua siku nzima. Mshono sikuusaga, upo pale mpaka sasa, mafundo yake yanaonekana, umepinda kidogo mahali pawili, hauna sura. Nilipomaliza nilichukua nyundo nzito mbele ya baba na Fundi Hamad, nikaupiga upande wa pedeli kwa nguvu zangu zote, nikaupiga mpaka bati pembeni likabonyea na mshono wenyewe haukutikisika. Baba akapitisha kidole gumba, safari hii kikakwama kwama. Akapanda, akaondoka nayo.

Ile kanzu ya darizi aliifua mara tano, akaitia upindo mpya, akafumua na kurudia darizi iliyoharibika, akampelekea mwenyewe. Bwana harusi ile ya baba hakuirudisha, kasema ina baraka, na baba hakuidai, japo sikukuu iliyofuata alivaa ya zamani iliyomfupia.

Mimi nimejifunza yangu, na nimejiwekea nadhiri ambayo sijaivunja. Kazi yoyote ambayo mtu ataikalia, ataikanyaga au atamning'iniza mtoto wake juu yake, mshono wake siusagi, wala haitoki mkononi mwangu mpaka kwanza nimeipiga nyundo mwenyewe, milango imefungwa, sina mtazamaji. Ikivunjika, inavunjikia kwangu, naianza upya, na hakuna anayejua isipokuwa mimi na Mola wangu. Wateja wengine hunung'unika, wanasema mbona mshono unaonekana, fundi fulani yeye wake hauonekani. Nawaambia wakae, niwahadithie habari ya Jadida.